Duka lisilo na mlango: nani hasa anafanikiwa kuuza kwa simu huko kwetu Tarime na Mugumu?

Najua nimekuwa kimya, testi zilitubana na umeme wa hosteli nao ulikuwa na mambo yake. Leo nimepata nafasi, na nina hoja ambayo ni ndefu kidogo, kwa hiyo vuteni viti.

Hapa chuoni siku hizi kila wiki kuna semina ya ujasiriamali, na karibu zote zinaishia pale pale: uza mtandaoni. Watoa mada ni hodari wa kuongea, hilo siwanyimi. Watakwambia sifa za mtu anayefanikiwa: awe na ndoto kubwa, ajiamini, athubutu, aamke alfajiri. Watu wanapiga makofi, wanatoka wameshaiva. Jamaa zangu wawili wa chumba kimoja, wote watoto wa Mara, walitoka wameshapanga kwamba bumu likiingia tu wananunua mzigo wa viatu Kariakoo na kufungua duka la mtandaoni la watu wa Tarime na Serengeti.

Siwacheki hata kidogo. Sote tunasomea ualimu na sote tunajua hesabu ilivyo. Ajira za walimu zilizofanyiwa usaili kuanzia Januari 2025 zilikuwa na waombaji zaidi ya 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Mtu akiyaona hayo halafu akatafuta pa kushika, mwacheni. Ila bumu ni mkopo, jamani. Viatu vikidoda, Bodi ya Mikopo haitasema pole, itadai chake.

Sasa mimi ni mtu wa historia, na mtu wa historia akisomewa orodha ya sifa huuliza maswali ya kuudhi: lini, wapi, alimuuzia nani? Kujiamini hata aliyefilisika alikuwa nako. Nikaanza kuchimba, nikakuta kumuuzia mtu aliye mbali, asiyekuona wala kuushika mzigo, ni kazi ya zamani sana ukanda huu wa ziwa. Intaneti imekuja juzi tu.

Nianze na Allidina Visram. Alizaliwa Kutch, India, mwaka 1851, akafika Bagamoyo akiwa mtoto wa miaka 12 hivi. Akaingia kazini kwa Sewa Haji Paroo, yule tajiri ambaye jina lake mpaka leo liko Muhimbili. Sewa Haji alikuwa akiipatia misafara ya bara bidhaa na wapagazi, na alipofariki mwaka 1897 Visram alikuwa ameshaijua kazi nje ndani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu Desemba 1901, na Visram akaifuata, duka baada ya duka, ingawa Kampala alikuwa ameshatangulia kabla hata treni haijaliona ziwa. Watu wakamwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Hebu tazama alivyofanya. Mkulima hana rupia? Lete ngozi, lete ufuta, tutapima. Kijana ana kibanda porini lakini hana mtaji? Chukua mzigo, utalipa ukiuza. Ofisa wa serikali yuko safari ya mbali na benki? Duka la Visram litampa fedha. Ndiyo maana alienea. Mteja wa porini alikuwa na hofu nyingi: mzigo usifike, ufike umeharibika, fedha ipotee njiani. Visram alizichukua hofu zile akaziweka mabegani mwake, halafu akazitoza humo humo kwenye bei. Simpambi, maana na pembe za ndovu alinunua, na bei ya ufuta aliipanga mwenye duka, sio mkulima. Lakini kama kuna sifa moja ya kuandika daftarini, naona ndiyo hii: alikuwa tayari kubeba hatari ambayo mnunuzi hawezi kuibeba.

Alifariki mwaka 1916 na biashara ile haikudumu baada yake, kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa kichwani mwake: nani anadaiwa, nani ni mwaminifu, nani apewe mzigo mwingine. Kilichobaki na jina lake ni shule ya pale Mombasa iliyofunguliwa mwaka 1923. Hili la kichwani lishikeni, nitalirudia.

Sasa njooni nyumbani. Wajerumani na Waingereza walipogawana kwa mikataba ya 1886 na 1890, mstari ulipita katikati ya Wakurya kama kisu kwenye nyama. Huku Sirari, kule Isebania, na shangazi yako kabaki upande wa pili. Baada ya uhuru, serikali ikaanza kuyashika maduka yenyewe. Shirika la Biashara la Taifa likaja mwaka 1967, na mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yawe ya ushirika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka na Kenya ukafungwa. Halafu vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Duka la kijiji likabaki na rafu na karani.

Bibi yangu anasema miaka ile kipande cha sabuni kilikuwa kinazungumziwa kama harusi. Na sabuni ilikuwa inatoka wapi? Isebania, kwa miguu, usiku. Najua ni magendo, na mwaka 1983 kwenye ile vita ya Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi watu walikamatwa. Lakini kama mwanafunzi wa historia siwezi kujifanya sikuona ustadi uliokuwemo. Akina mama wale walikuwa wanapokea oda kwa mdomo. Mama wa Nyamwaga anaagiza khanga na mafuta ya kupikia, anatoa debe la mahindi, wakati mwingine anatoa mbele, wakati mwingine nyuma. Hakuna risiti wala picha. Aliyeleta khanga yenye tundu hakuagizwa tena, na habari zake zilifika kila kisima kabla yeye hajafika. Bibi anamtaja mmoja (simwandiki jina hapa) aliyenyang'anywa mzigo wote njiani, akauza mbuzi wake wawili akawarudishia watu mahindi yao. Huyo ndiye aliyeendelea kuagizwa mpaka mpaka ukafunguliwa Novemba 1983. Bajeti ya 1984/85 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, alikuwa tayari ana wateja wanaomwamini, wakati wenzake wanaanza kuwatafuta.

Niruke mbali kidogo, hadi China, kwa sababu huko kuna mwalimu mwenzetu. Jack Ma alifeli mtihani wa kuingia chuo mara mbili, akaishia chuo cha ualimu cha Hangzhou, akamaliza mwaka 1988 na kufundisha Kiingereza. Hadithi zake za kukataliwa kila mtoa mada anazo. Wasichokisimulia ni mwaka 2004. Alibaba aliianzisha na wenzake 1999, na soko la Taobao likafunguliwa 2003, wakati huo huo eBay ya Marekani ikiingia China na fedha nyingi. Shida ilikuwa moja: mnunuzi hataki kulipa kabla hajaona mzigo, muuzaji hataki kutuma kabla hajaona fedha. Alipay, iliyoanza 2004, ikakaa katikati. Fedha inashikiliwa mpaka mnunuzi aseme nimepokea, ni sawa. Kufika Desemba 2006 eBay ilikuwa imefunga tovuti yake ya China. Ndoto kubwa watu wa eBay nao walikuwa nayo, tena kuzidi. Julai 2017 Ma alikuja Nairobi akazungumza na wanafunzi pale chuo kikuu, na nina uhakika walioondoka na ndoto ni wengi kuliko walioondoka na hili la kushikilia fedha.

Sisi huku tulipata nusu ya jibu mapema. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kwetu mwaka 2008, na mwaka 2015 ikawezekana kutuma kati ya Vodacom ya huku na Safaricom ya kule, jambo ambalo kwa mtu wa Sirari lilikuwa kama kuondolewa ukuta sebuleni. Fedha sasa inakimbia. Mzigo ndio bado unatembea.

Hapo ndipo walipokwama wakubwa. Jumia ilianzia Lagos mwaka 2012, ikasambaa nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York, sherehe, kengele, picha. Novemba 27 mwaka ule ule ikafunga biashara yake Tanzania. Miezi saba tu! Wengi walisema Watanzania hawajui intaneti. Mimi nakataa. Watanzania walikuwa wananunua simu na vitenge kupitia WhatsApp na Instagram wakati huo huo. Fikiria mteja wa Natta kule Serengeti anaagiza pasi ya umeme. Tovuti inamuuliza anwani. Anwani gani? Operesheni ya anwani za makazi imefanyika mwaka 2022, na hata baada ya vibao kuwekwa, boda wa kwetu bado anaelekezwa kwa mwembe na duka la mangi. Akifika, mteja kaenda shamba. Au yupo, lakini fedha ya kulipia kaigusa jana. Mzigo unarudi, na nauli mbili zimekwenda. Kampuni ikifanya hivyo mara elfu, hakuna ndoto itakayoiokoa.

Kenya kuna mfano mwingine unaonisumbua zaidi. Copia walianza mwaka 2013 na wazo zuri kabisa: mteja wa kijijini asihangaike na tovuti, aende kwa mwenye duka au saluni ya jirani, achague kwenye katalogi, wakala amwagizie, mzigo uletwe hapo hapo. Ni Visram mtupu! (Ni Marekani ya zamani pia. Richard Sears alianza kuuza saa mwaka 1886 akiwa karani wa stesheni, katalogi yake ikafika kila shamba, na ilipofika 1993 kampuni ikaiacha katalogi kubwa, mwaka mmoja kabla ya Bezos kuanzisha Amazon. Historia ina utani wake.) Copia ikapata wawekezaji, dola milioni 50 kwa mkupuo mmoja mwaka 2022, ikaingia Uganda, ikatoka 2023, na Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi, wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakiwa wamepewa notisi. Kwa nini, wakati wazo lilikuwa sahihi? Ninavyoona mimi, unga na sukari vina faida ndogo mno kubeba lori la kwenda kila kijiji, na walikua haraka kuliko faida yao, wakitegemea wawekezaji waongeze. Wawekezaji waliposita, lori likasimama. Jumia yenyewe ilibaki Kenya na Uganda, na tangu Francis Dufay ashike uongozi mwishoni mwa 2022 imebana matumizi na kupeleka nguvu kwenye miji ya mikoani kwa vituo vya kuchukulia mizigo. Yaani wamegundua mteja aje stendi, badala ya wao kumtafuta chini ya mwembe. Konda yeyote wa Tarime angewaambia hilo bure.

Basi turudi kwa konda. Kuna dada namfahamu, yuko Sirari, anauza vitenge na viatu kwa simu. Hana tovuti, na ukimwambia yeye ni mjasiriamali wa kidijitali atakutazama kama umemtukana. Nilipokuwa likizo nilikaa naye siku mbili nikimuuliza maswali mpaka akasema, “Mura, wewe unasomea ualimu au upolisi?”

Kwanza, picha anapiga mwenyewe, nje, juani, kwenye sakafu ya kwake. Hachukui za mtandaoni. Anasema mteja akipokea rangi tofauti na ya picha, umempoteza yeye na dada zake wote. Pili, sauti. Kwa wateja wakubwa anatuma ujumbe wa sauti kwa Kikurya, anawasalimia mpaka watoto. Tatu, na hapa ndipo nilipotoa kalamu, hanunui mzigo kwanza. Anakusanya oda wiki mbili, anachukua nusu ya bei, halafu ndipo anaagiza Kariakoo, kiroba kimoja, kwenye basi. Na Mugumu ana mama mwenye saluni anayempokelea. Mteja anakwenda pale, anajaribu kiatu, kikimbana anakiacha na nusu yake anarudishiwa. Mwenye saluni anapata kidogo kwa kila jozi inayotoka. Hiyo ndiyo Alipay ya Serengeti, ina kioo na kikaushia nywele.

Nikafanya hesabu na wale jamaa zangu wa chumbani, namba ni za kukisia tu ili tuelewane. Tuseme kiatu kinanunuliwa 18,000 na kuuzwa 28,000. Ukituma jozi moja moja, basi 3,000 na boda 2,000. Jozi kumi, umetumia 50,000. Mbili zikikataliwa, unazirudisha kwa 10,000 nyingine. Nane zilizouzwa zimekuletea 80,000 juu ya bei ya kununulia. Toa 60,000, toa bando la 15,000, umebaki na 5,000 kwa mwezi mzima. Yule dada akifunga jozi 30 kwenye kiroba cha 30,000, kila jozi imebeba 1,000 tu njiani. Kiatu ni kile kile na bei ni ile ile. Jamaa mmoja aliitazama ile karatasi muda mrefu, halafu akauliza kama kuna chai.

Kuna na suala la majira, ambalo semina hazina. Yule dada anajua mshahara wa watu wa mgodini Nyamongo unaingia lini, anajua mavuno yanauzwa miezi gani, anajua wafanyakazi wa kambi za watalii kule Serengeti wana fedha msimu upi na ukata upi. Anapokea shilingi ya Kenya na ya kwetu, na kiwango cha siku hiyo anakijua asubuhi kabla ya uji. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, kabla haijapunguzwa Septemba, alihamishia malipo mengi kwenye fedha taslimu kwa yule mama wa saluni. Na intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, ikakaa siku kadhaa bila kurudi, alikuwa na namba zote kwenye daftari la karatasi. Akapiga simu za kawaida, mmoja mmoja, kuwaambia mzigo wao uko salama, wasihofu. Hakuuza kitu wiki ile. Ila hakuna aliyedai kurudishiwa.

Mtasema huyo ni mdogo, ana wateja mia na kitu, utamlinganishaje na kampuni ya New York? Sawa, lakini yeye bado anauza na wao kwetu walifunga. Shida yake ni nyingine, na ni ile ile ya Visram: biashara iko kichwani. Nilimuuliza akiumwa mwezi mmoja itakuwaje, akakaa kimya. Nani anadaiwa, nani arudishiwe bila maswali, nani usimpe mkopo hata akilia, yote hayo anayajua yeye tu. Wateja wakifika 500 kichwa kitajaa. Akiajiri mtu asiyewajua, ile salamu ya watoto itapotea, na ndiyo iliyokuwa inauza. Hapo ndipo nadhani kompyuta na sisi tuliosoma tungekuwa na la kufanya: kumsaidia kuandika anachokijua, kabla ya kukimbilia kufungua duka jipya la kushindana naye.

Nilimwambia hivyo. Hakunijibu siku ile. Juzi amenitumia picha ya madaftari mawili mapya, moja la Sirari, moja la Mugumu, na lile la Mugumu kamwachia mwenye saluni ajaze mwenyewe. Ukurasa wa kwanza una majina kumi na moja, saizi za miguu, na pembeni ya jina la tatu imeandikwa kwa kalamu nyekundu: “huyu mpe hata kama hana.”

Tupo pamoja wadau, kesho nina testi ya saikolojia ya elimu.